Tulisema ametulia

Kiswahili cha Pwani hakina uhaba wa maneno kwa mgonjwa aliyevurugikiwa akili ghafla. Anaweweseka, ana maruerue, malaria imempanda kichwani. Lakini ukiyatazama vizuri, maneno hayo ni ya mgonjwa anayesikika. Aliyenyamaza je? Tunasema ametulia.

Wagiriki wa zama za Hippocrates walikuwa na majina mawili: phrenitis kwa mwenye homa anayehangaika na kupayuka, lethargus kwa anayesinzia na kuduwaa. Warumi wakaleta delirium, na hilo ni neno la shambani: plau imetoka nje ya mstari. Mkulima yeyote wa Kisarawe angelielewa bila mkalimani. Baadaye deliriamu ikazoeleka kama ugonjwa wa fujo. Ni miaka ya 1980 ndipo Zbigniew Lipowski, daktari wa magonjwa ya akili, alipoikazania ile sura ya pili. Ugonjwa ni mmoja, alisema, ila kuna wa vurugu, kuna wa ukimya, na kuna wa mchanganyiko, ambapo mgonjwa anahama toka huku kwenda kule.

Mwaka 2001 Wesley Ely na wenzake huko Marekani walitoa kipimo cha wagonjwa mahututi, hata wale wa mashine ya kupumulia wasioweza kusema. Muuguzi anataja herufi kumi, mgonjwa anabana mkono kila akisikia A. Basi. Kinachotafutwa ni umakini, maana ndio unaotoroka kwanza. Na kumbe wodini wa kimya ni wengi kuliko wa fujo.

Hospitali ya Tumbi, Kibaha, ilizaliwa na mradi wa nchi za Nordiki ulioanza 1963. Ipo kando ya barabara ya Morogoro, kwa hiyo majeruhi wa ajali ni wageni wake wa kila siku. Aliyeumia kichwa akilala kimya, nani atajua kama ni usingizi, dawa au deliriamu, asipoulizwa?

Sisi hatukuuliza. Bibi yetu wa Kisarawe alilazwa kwa homa ya mapafu. Usiku wa kwanza aling'oa dripu, akamwita kaka yake aliyekufa zamani. Siku ya tatu kimya, wala maji haombi. Tukashukuru Mungu, tukampigia simu shangazi kwamba mama yake anaendelea vizuri.

Sista mmoja akainama. "Bibi, nibane mkono kila nikitaja A." Bibi alizijua herufi tangu elimu ya watu wazima. Akabana mara moja, kisha macho yakaenda darini, hayakurudi.

"Huyu bado," sista akasema, akaenda kumwita daktari.

Alipopona alituambia kwamba siku zile alikuwa anatuona sote tumevaa sanda. Akaona bora anyamaze, tusimtambue.