Mtihani wa Baada ya Kazi: Wahasibu wa Afrika Mashariki na Saa za Usiku

Taaluma ya uhasibu, kama inavyofanywa leo katika miji ya Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, inatofautiana na udaktari kwa jambo moja kubwa, nalo ni kwamba wengi wa watu wake hufuzu wakiwa tayari kazini na, mara nyingi, wakiwa tayari na watoto. Mtahiniwa wa mtihani wa bodi, yaani mtihani wa kitaaluma unaomwezesha mtu kusajiliwa kuwa mhasibu kamili, huwa ni karani wa malipo, mkaguzi msaidizi au ofisa wa benki anayefungua vitabu baada ya chakula cha usiku, watoto wakishalala. Hali hiyo imezoeleka kiasi cha kuonekana ya kawaida, ilhali mtihani wenyewe ulibuniwa kwanza kwa ajili ya watu waliokuwa na maisha ya namna nyingine kabisa.

Chimbuko lake ni Uingereza ya karne ya 19, ambako wahasibu wa Edinburgh walipata hati ya kifalme ya kutambua chama chao mwaka 1854, nao wenzao wa England wakapata yao mwaka 1880. Njia ya kuingia katika vyama hivyo ilikuwa uanagenzi wa mkataba: kijana aliyemaliza shule aliwekwa chini ya mhasibu mzoefu, kwa kawaida kwa miaka 5, na mara nyingi wazazi wake ndio waliomlipa bwana huyo ada ya kumpokea. Mfumo huo ulimchukulia mtahiniwa kuwa mwanamume kijana, asiyeoa, anayelishwa na nyumba ya baba yake, na ratiba nzima ya masomo ilipangwa kwa kufuata maisha hayo. Waliokosa fedha za ada, au waliokuwa wamekwisha kuajiriwa, walibaki nje hadi mwaka 1904, ulipoundwa mjini London chama kilichokusudia kuufungua mlango huo zaidi. Chama hicho kilimpokea mwanamke, Ethel Ayres Purdie, mwaka 1909, jambo ambalo wahasibu wa hati ya kifalme wa England hawakulifanya kwa mwanamke yeyote hadi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa kupitia mabadiliko kadhaa ya jina, chama hicho cha 1904 ndicho kinachojulikana leo kwa herufi ACCA, na ndicho kilichoacha alama ya kudumu Afrika Mashariki, kwa sababu mitihani yake iliweza kufanywa na mtu aliyeajiriwa popote, mradi awe na masomo ya posta, mwalimu wa jioni na subira.

Chini ya ukoloni, hata hivyo, popote hapo palikuwa na mipaka ya rangi. Katika ofisi za serikali, reli na makampuni ya biashara, usimamizi wa fedha ulikuwa mikononi mwa Wazungu, uandishi wa vitabu vya hesabu ulifanywa kwa sehemu kubwa na makarani wenye asili ya India, na karani Mwafrika aliwekwa mwisho wa safu, kwa mshahara wa chini kuliko wote. Makarani hao hawakukosa ari wala umoja, kwa maana mwaka 1922 Martin Kayamba na wenzake waliunda mjini Tanga chama cha watumishi Waafrika wa serikali ya Tanganyika. Walichokosa ni ngazi ya kupandia. Inafaa kukumbukwa pia kwamba mtihani wa kazi uliojulikana sana katika ofisi za wilaya ulikuwa mtihani wa Kiswahili, ambao maofisa wa Kizungu walitakiwa kuufaulu, hivyo kwamba kwa muda fulani bwana mkubwa ndiye aliyekesha na daftari huku karani wake akiwa hana mtihani wowote wa kumwinua. Karani mmoja wa forodha wa Pangani, aliyeanza kazi mwaka 1926, aliyatumia maisha yake ya nje ya ofisi kwa namna ambayo hakuna bodi iliyoweza kuipima: huyo alikuwa mshairi Shaaban Robert. Barabara yenye jina lake katikati ya Dar es Salaam ndiyo yenye Chuo cha Usimamizi wa Fedha, kilichofundisha vizazi vya wahasibu wa Tanzania.

Uhuru uliigeuza haja ya wahasibu kuwa suala la dola. Nchini Kenya, makampuni yaliyotakiwa kuwapandisha Waafrika katika nafasi za juu yaligundua kwamba hayakuwa na wa kuwapandisha, na mwaka 1966 chuo cha Strathmore cha Nairobi kilianza kufundisha uhasibu kwa wanafunzi 25 waliodhaminiwa na makampuni ya tumbaku, mafuta na bia, wote wakilenga mitihani iliyotungwa London. Miaka 3 baadaye, mwaka 1969, serikali iliunda bodi ya taifa ya mitihani ya wahasibu na makatibu wa makampuni, inayofahamika kwa jina la KASNEB, na Sheria ya Wahasibu ya mwaka 1977 ikaipa sifa ya CPA, yaani mhasibu wa umma aliyethibitishwa, nguvu ya kisheria. Nchini Tanzania mambo yalikwenda kwa kasi ya Azimio la Arusha: benki zilitaifishwa mwaka 1967, Shirika la Ukaguzi wa Hesabu likaundwa mwaka 1968 ili kukagua mashirika ya umma yaliyokuwa yakiongezeka, na mwaka 1972 ikapitishwa sheria iliyoleta Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, iliyoanza kazi mwaka uliofuata. Uganda ilipata sheria yake mwaka 1992.

Bodi hizo zilibadili mengi, zikaweka sheria za nchi na kodi za nchi mahali pa zile za Uingereza, lakini zilirithi umbo la mtihani karibu lilivyokuwa: karatasi ya saa 3, awamu 2 kwa mwaka, na masomo yaliyopangwa kwa ngazi. Katika mtaala wa CPA wa Kenya uliotumika hadi mwaka 2021, mtahiniwa alikuwa na karatasi 18 zilizogawanywa katika sehemu 6, kwa hiyo aliyefanya sehemu moja kwa kila awamu bila kuanguka hata mara moja alihitaji miaka 3 kamili. Aliyeanguka, na kuanguka ni jambo la kawaida katika mitihani hii, alisubiri miezi 6, akalipa ada upya na kuisoma tena karatasi ambayo nusu yake aliijua. Miaka hiyo 3, inapokuwa 6 au 8, huangukia hasa kipindi cha maisha ambacho watu huoa, huzaa, hujenga na kuanza kusomesha wadogo zao.

Ugumu wenyewe hauko sawa katika masomo yote, na hapa historia ya nyumbani inakutana na historia ya mtaala. Sheria ya makampuni inaweza kusomwa vipande vipande ndani ya daladala au matatu, kifungu kimoja asubuhi na kingine jioni. Hesabu za pamoja, yaani zile zinazounganisha vitabu vya kampuni mama na kampuni tanzu kana kwamba ni biashara moja, haziwezekani hivyo. Swali la kawaida humwambia mtahiniwa kwamba kampuni mama imenunua asilimia 80 ya hisa za kampuni tanzu katikati ya mwaka. Anatakiwa atenge faida iliyopatikana kabla ya siku ya ununuzi na ile iliyopatikana baadaye, awape wenye asilimia 20 sehemu yao, aondoe madeni ambayo kampuni hizo mbili zinadaiana, na afute faida iliyomo katika bidhaa ambazo moja imeiuzia nyingine lakini bado zimo ghalani. Mwishoni pande mbili za mizania lazima zilingane. Kila hatua inategemea tarakimu ya hatua iliyotangulia, na anayeinuka katikati ili kumbembeleza mtoto mwenye homa hurudi mezani asijue tena ni tarakimu ipi iliyokwisha kuondolewa. Kinachohitajika ni saa 2 zisizokatizwa, na saa kama hizo ndani ya nyumba ya vyumba viwili hazipatikani bila mtu mwingine kuzilinda.

Mtu huyo mara nyingi alikuwa mke, mama mkwe, mdogo wa mtahiniwa aliyeletwa mjini kusoma, au dada wa kazi aliyelipwa kidogo kuliko ada ya karatasi moja. Mfumo wa Uingereza ulikuwa umemwegemeza mwanagenzi juu ya wazazi wake. Ule wa Afrika Mashariki ulimwegemeza mtahiniwa juu ya wale waliomtegemea yeye, na hilo ndilo badiliko kubwa zaidi lililotokea mtihani ulipovuka bahari, ingawa halikuandikwa katika sheria yoyote. Kwa mwanamke aliyeolewa mzigo ulizidi, kwa kuwa mara nyingi yeye mwenyewe ndiye aliyetazamiwa kuzilinda saa za wengine. Chuo cha Kianda cha Nairobi kilianza mwaka 1961 kuwafundisha wanawake wa rangi zote kazi za ukatibu muhtasi, na hivyo kuwafungulia ofisi. Lakini kutoka meza ya kupiga chapa hadi cheti cha uhasibu palikuwa na miaka ya masomo ya jioni, na darasa la jioni humalizika saa ambazo usafiri umeadimika na jikoni pametulia. Wanawake waliofuzu katika miongo hiyo ya mwanzo walifanya kazi ambayo alama za mtihani hazionyeshi hata robo yake.

Waajiri walichangia pia, japokuwa si kwa usawa. Palikuwa na waliolipa ada na kutoa likizo ya mtihani, na palikuwa na waliodai cheti kama sharti la kupandishwa cheo bila kumpunguzia mfanyakazi hata saa moja ya kazi, hasa katika ofisi za ukaguzi, ambako msimu wa kufunga hesabu za wateja huweza kugongana na majuma ya mwisho ya kujiandaa. Faida ya cheti haikuwa ya kubuni, hata hivyo. Herufi CPA huandikwa leo mbele ya jina kama vile Daktari au Mhandisi, na tangu vyama vya wahasibu vya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki vilipotia saini makubaliano ya kutambuana mwaka 2011, sifa iliyopatikana nchi moja imekuwa na njia rasmi ya kutambuliwa katika nyingine.

Katika miaka ya karibuni bodi zimeanza kulegeza mahali palipowezekana. ACCA imeongeza awamu za mtihani kutoka 2 hadi 4 kwa mwaka, nayo KASNEB, baada ya kuleta mtaala mpya mwaka 2021, imekuwa ikifanya mitihani katika miezi ya Aprili, Agosti na Desemba, hivyo kwamba aliyeanguka hasubiri tena nusu mwaka. Hayo ni marekebisho ya maana, ila yamegusa kalenda tu. Mtaala bado unampangia mtahiniwa saa za kusoma kana kwamba ni zake peke yake, na gharama ya kuzipata saa hizo bado inalipwa na nyumba yake.