Mambo? Sawa. Shida.

Shangazi yangu wa Rongo, kaunti ya Migori, alikuwa na simu moja na mumewe: mulika mwizi, betri imeshikiliwa na raba. Meseji ikiingia, yeyote aliye karibu anaisoma. Ndiyo maana kliniki ilipomwomba nambari, alitaja ya uongo. Aliniambia haya mwaka jana, akicheka. Mimi sikucheka.

Kuelewa hofu yake, turudi nyuma kidogo. Mwaka wa 2001, Médecins Sans Frontières walianza kutoa ARV bure katika hospitali ya Homa Bay. Kabla ya hapo dawa zilikuwa za wenye pesa. Wengine tulizika tu. Zilipofika, swali likageuka: utamezaje kila siku, maisha yako yote, bila wenzako nyumbani kujua?

Mwaka wa 2007, mwaka uleule M-Pesa ilipoanza, watafiti walijaribu simu katika kliniki za Nairobi na Kajiado. Wagonjwa walikuwa 538. Karibu nusu yao walitumiwa meseji kila wiki: “Mambo?” Ulitakiwa kujibu “Sawa” au “Shida” ndani ya saa 48. Ukisema shida, au ukinyamaza, mhudumu wa kliniki anakupigia. Matokeo yalitoka kwenye jarida la Lancet mwaka wa 2010: kati ya waliotumiwa, asilimia 62 walimeza dawa ipasavyo; kati ya wasiotumiwa, 50.

Karibu zaidi na kwetu, Chulaimbo, wagonjwa 431 walipewa simu, wengine wakatumiwa vikumbusho. Vya kila wiki vilisaidia. Vya kila siku havikufua dafu. Mimi sishangai: alamu ikilia kila siku, unaizoea.

Lakini “Mambo?” si alamu. Haitaji dawa wala ugonjwa. Haikuamrishi kitu. Inakuuliza, halafu kuna mtu anayengoja jibu. Nikisoma historia hii naona teknolojia ilikuwa sehemu ndogo. Kazi kubwa ilifanywa na yule aliyepiga simu baada ya kimya.

Nilimuuliza shangazi kama angekubali meseji kama hiyo.

“Hiyo hata mzee angeisoma,” akasema. “Angedhani ni ya dadangu.”

“Na ungejibu nini?”

Akaendelea kuchambua mboga kwa muda.

“Shida,” akasema. “Mwaka ule mzima, ningejibu shida.”