Mashapo ya maziwa na tabianchi ya kale ya Afrika Mashariki

Mashapo ya ziwa ni tope, mchanga, majivu ya volkeno na mabaki ya viumbe yanayotuama chini ya maji mwaka baada ya mwaka. Katika sehemu kubwa ya bara la Afrika Mashariki vipimo vya mvua havifiki nyuma ya mwisho wa karne ya 19, hivyo kwa zama zilizotangulia tope hilo ndilo shahidi mkuu.

Watafiti huzamisha bomba na kutoa mche mrefu wa tope bila kuvuruga mpangilio wake. Umri hupimwa kwa kaboni-14, inayofaa hadi miaka 50,000 hivi, na kwa majivu ya volkeno. Chavua huonyesha mimea iliyoota kandokando, na chembe za mkaa hushuhudia mioto ya nyika. Nta ya majani huhifadhi haidrojeni ya maji ya mvua iliyonyesha wakati huo.

Ziwa Challa, lililo katika kreta mpakani mwa Kenya na Tanzania, mashariki ya Kilimanjaro, lina thamani ya pekee. Chini yake hakuna oksijeni, kwa hiyo hakuna wadudu wa kuchimbua tope. Msimu wa kiangazi na upepo huacha utando mweupe wa diatomu (mwani mdogo sana wenye ganda la silika), na majira mengine huacha utando mweusi. Miaka ya La Niña, yenye ukame na upepo mkali, huacha tando nene zaidi.

Ushahidi unaomgusa binadamu kwa karibu zaidi umetoka Ziwa Naivasha nchini Kenya. Mwaka 2000, Dirk Verschuren na wenzake walichapisha historia ya miaka 1,100 ya ziwa hilo, wakitumia diatomu na mabaki ya mabuu ya visubi, ambao spishi zao hubadilika kadiri chumvi inavyoongezeka majini. Ukame mkali ulitawala takriban mwaka 1000 hadi 1270. Kisha maji yalikuwa mengi hadi 1850, isipokuwa katika vipindi vitatu: 1380–1420, 1560–1620 na 1760–1840. Vipindi hivyo vinaoana na masimulizi ya wazee kuhusu njaa na kuhama kwa jamii, masimulizi ambayo wanahistoria wengi waliyatilia shaka kwa kukosa tarehe. Hata hivyo Naivasha si Afrika nzima: katika karne hizohizo za maji mengi, Ziwa Nyasa kusini lilipata ukame.

Maziwa makubwa hayakusalimika. Chini ya tope la Ziwa Viktoria kuna udongo wa nchi kavu, dalili kwamba ziwa lilikauka mwishoni mwa enzi ya barafu na kujaa tena miaka kama 15,000 iliyopita. Wanabiolojia bado wanajadili jinsi mamia ya spishi za samaki waitwao furu zilivyotokea humo ndani ya muda mfupi hivyo. Uchimbaji wa mwaka 2005 katika Ziwa Nyasa ulionyesha kuwa, mara kadhaa kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita, maji yalishuka kwa zaidi ya mita 500.

Mashapo ya nchi kavu, kama yale ya Bonde la Olduvai nchini Tanzania, yana mapengo, kwani mmomonyoko huondoa matabaka mazima. Lakini vibonge vya chokaa vilivyojijenga katika udongo wake wa kale hubeba isotopu za kaboni zinazotofautisha nyasi za savana na miti, jambo ambalo tope la katikati ya ziwa haliwezi kueleza kwa eneo dogo walimoishi binadamu wa kale.