Nani aliandika majina ya uyoga wetu?

Msimu wa mvua ukifika, ukitoka Lubumbashi kwa barabara ya Likasi au ya Kasumbalesa, unawaona bamama wamekaa kando ya njia na mabeseni ya bowa. Sisi wote tumekula ile bowa na bukari. Lakini nikuulize weye mwenye lisansi: unajua majina ya ngapi? Mimi nilijiuliza hilo swali siku ya matanga ya nkambo wangu, na nikahesabu mbili. Yeye alikuwa anajua zaidi ya makumi mawili, pamoja na mti ambao kila moja inaota chini yake, na hakuna mtu mu familia aliyeandika hata jina moja. Mimi nilikuwa na miaka mitano ya univasite. Kaye za kozi zote bado ninazo mu sanduku.

Ndiyo sababu, mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata, tulijikusanya watu tisa, wengi wetu wa promosheni moja, tukaenda porini. Mama mmoja muuzaji alikubali kutuongoza kwa masharti mawili: tumulipe siku yake sawa vile angeuza, na tusikanyage bowa yake.

Tulipofika, sisi wote macho chini. Yeye akacheka. «Banangu, munatafuta nini mu majani? Muangalie kwanza juu.» Alikuwa anatafuta miti: mutondo, muputu. Tulifikiri ni mazoea tu ya wazee, kumbe njo elimu yenyewe. Uyoga mwingi wa miombo unaishi kwa ushirika na mizizi ya miti hii. Nyuzi zake nyembamba zinafunika ncha za mizizi, zinaletea mti maji na madini kutoka udongoni, na mti unalipa kwa sukari. Ile tunayoona juu na kuipika ni tunda tu. Mwili wenyewe uko chini, umeshikana na mti. Mama alisema kwa maneno machache kuliko profesa wetu: «Mutondo ikienda mu makala, bowa nayo inaenda.» Na weye unajua namna gani makala inavyokula pori kuzunguka muji wetu.

Ile ya vichuguu iko tofauti. Haitegemei mti, inategemea mchwa. Mchwa wanatafuna majani na miti iliyokufa, wanajenga nayo kitu kama sega ndani ya kichuguu, na uyoga unaota juu ya lile sega. Ni shamba lao kabisa. Mufaransa Roger Heim alilipa kundi hili jina la Termitomyces mwaka 1942. Mukubwa wao wote, Termitomyces titanicus, kofia yake inaweza kukaribia metre moja. Mtoto anaweza kujikinga mvua nayo, si mchezo.

Palepale porini kukatokea ubishi. Mwenzetu mmoja alikuwa na kitabu cha Ulaya mu telefoni. Kitabu kinasema: uyoga wa jamii ya Amanita, wenye mufuko chini ya shina, uogope. Ni kweli, kule Amanita phalloides imeua watu wengi. Sasa mama ameshika mukononi tente, mufuko uko chini ya shina, waziwazi, na anasema hii njo ile inayouzwa haraka kuliko zote. Mwenzetu akarudi nyuma hatua mbili. Mama akamuangalia kama mtoto anayeogopa kuku. Ile tente kwa Kilatini inaitwa Amanita loosii, na inaliwa huku Katanga, inaliwa Zambia, inaliwa mpaka Malawi. Kitabu hakikudanganya, kiliandikwa kwa pori lingine. (Usichukue maneno yangu kama ruhusa ya kuokota: Amanita ziko nyingi, hata huku kwetu, na si zote za kula.)

Njiani kurudi nilianza kujiuliza: basi kitabu cha pori letu kiko wapi, na nani alikiandika? Nikasoma kidogo, na historia yenyewe ikanishangaza.

Kule Uingereza, mu muji wa Hereford, kulikuwa chama cha wapenda maumbile kinaitwa Woolhope. Mwaka 1868 daktari Henry Graves Bull na wenzake walianza kuita watu kwenda msituni pamoja kutafuta uyoga. Mchana wanatembea, wanaokota, wanalinganisha. Jioni wanakaa mezani, wanakula na kujadiliana. Wengi hawakuwa wataalamu wa kazi hiyo. Kulikuwa madaktari, kulikuwa mapadri wa parokia za kule. Desturi ikaenea. Wafaransa wakaunda chama chao mwaka 1884, Waingereza cha nchi nzima mwaka 1896. Mimi sioni ajabu sana kwamba walitembea. Hata bamama zetu wanatembea kila mwaka. Ninachowaonea wivu ni kwamba walikuwa wanaandika pori lao wenyewe, mwaka kwa mwaka, na maandishi yanabaki mikononi mwao.

Kongo haikuwa vile. Mu miaka ya ukoloni, bibi mmoja, Madame Goossens-Fontana, alikusanya uyoga kule Ekwateri, Eala na Binga, na akauchora kwa rangi za maji. Kuchora haikuwa urembo. Uyoga ukikauka unapoteza rangi na sura, unabaki kama kipande cha ngozi. Ule mchoro njo ilikuwa foto. Vielelezo na michoro vikaenda Ubelgiji. Kule Maurice Beeli akavipa majina ya Kilatini, na mwaka 1935 kikatoka kitabu cha kwanza cha mfululizo unaoitwa Flore iconographique des champignons du Congo. Mpaka leo, ukitaka kuchunguza vielelezo vyenyewe, unaomba kule Meise, karibu na Bruxelles.

Sitaki kumdharau yule bibi. Bila mikono yake tungekuwa na kidogo sana. Lakini lebo ya kielelezo inabeba jina la mkusanyaji, namba na mahali, basi. Nani alibeba kikapu? Nani alisema «hii tunakula, hii hapana»? Hapo lebo inanyamaza, na mimi ninamuwaza nkambo wangu.

Kuna sehemu moja iliyonifurahisha. Mwaka 1980 Pegler na Piearce waliandika juu ya uyoga unaoliwa Zambia, pori lilelile la miombo, upande ule wa Kasumbalesa. Mumoja wao, ukiukata unatoa maziwa, wakauita Lactarius kabansus. Kabansus! Ni kabansa, jina ambalo Babemba wanaita tangu zamani, limevaa koti la Kilatini. Huku kwetu, wakati Katanga inaitwa Shaba, Parent na Thoen walikuwa wamechapisha mwaka 1977 utafiti juu ya thamani ya chakula iliyo ndani ya uyoga wa Haut-Shaba. Halafu mwaka 2017 kikatoka kitabu kizima, Champignons comestibles du Haut-Katanga, cha André De Kesel, Bill Kasongo na Jérôme Degreef. Kiko kwa Kifaransa, kina foto, na kinapakuliwa bure. Tukaacha kile cha Ulaya, tukaweka hiki mu telefoni zetu.

Lakini kitabu hakiondoi ujinga siku moja. Matembezi ya tatu, nilisikia mama anasema «kabansa», nikapiga foto ya uyoga uliokuwa mbele yangu, nikaandika jina, nikatuma kwa kundi letu: «Kabansa, inaliwa.» Kumbe yeye alikuwa anaonyesha mwingine, nyuma ya ule. Usiku mwenzetu mmoja akaniandikia kwamba ameokota ya sura ileile karibu na kwao, sufuria iko motoni. Halafu akauliza swali moja: «Uliukata? Ulitoa maziwa?» Sikuukata. Nilitoka jasho. Nikampigia mama, akasema amwage yote, na asimpe hata mbwa. Hakuna aliyeumwa. Mpaka leo sijui ule uyoga ulikuwa gani, sababu sikuchukua kielelezo. Nilikuwa na foto ya kofia tu, imepigwa kwa juu, na jina la uongo chini yake.

Tangu siku ile tunafanya hivi. Hatukati shina juu, tunachimba kwa kisu mpaka chini, sababu ule mufuko unabaki udongoni na njo unaosema mengi. Foto tatu: juu, chini ya kofia, na shina zima. Tunaandika mti wa karibu, harufu, na rangi ikikatwa. Nyumbani tunalaza kofia juu ya karatasi, nusu nyeupe nusu nyeusi, tunafunika na glasi mpaka asubuhi. Inaacha vumbi lake, na rangi ya lile vumbi ni ushahidi. Kipande kinakaushwa polepole, kinawekwa mu bahasha yenye namba. Na hakuna anayeandika «inaliwa» kama mama hakuushika ule uyoga mukononi.

Tukaongeza pia mstari mumoja ambao sikuuona kwenye lebo za zamani: aliyeonyesha. Siku tulipomaliza kaye ya kwanza, tulimupelekea mama kwenye meza yake kando ya barabara. Alipangusa mikono kwa kitambaa, akafungua ukurasa wa kwanza, akasoma jina lake herufi kwa herufi. Kisha akasema tumeliandika vibaya, ni kwa K, si kwa C. Akaomba biki.

Tulirekebisha kurasa zote arobaini, palepale, wateja wakingoja.