Rulenge, Jimbo Lililohamishiwa Jina

Anayeianza historia ya Jimbo la Rulenge-Ngara mwaka 1960 ameanzia katikati. Jimbo hili ndilo ile Vikarieti ya Kitume ya Bukoba, iliyoundwa mwaka 1929 mikononi mwa Mapadre Weupe. Mwaka 1951 ilimegwa, na kipande kipya akakabidhiwa Laurean Rugambwa. Miaka miwili baadaye kikawa Jimbo la Rutabo. Tarehe 21 Juni 1960, miezi michache baada ya Rugambwa kuwa kardinali, Rutabo ilipewa jina la Bukoba, na Bukoba ya zamani ikaitwa Rulenge, makao yake yakiwa wilayani Ngara. Askofu Alfred Lanctôt, aliyeiongoza Bukoba hiyo, akawa askofu wa kwanza wa Rulenge.

Mwaka 1969 alimpokea kijiti Christopher Mwoleka, na hapo ndipo Rulenge ilipojulikana mbali. Historia nyingi za majimbo husifia minara na matofali ya kuchoma. Mwoleka alijenga vingine: alikwenda kuishi na kulima pamoja na wanakijiji wa Nyabihanga, kijiji cha ujamaa, akiamini kwamba Utatu Mtakatifu ni mfano wa watu kushirikiana maisha. Wapo waliomwona askofu aliyezidisha siasa. Mimi namwona mchungaji aliyetangulia kutenda alichohubiri. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipoziweka jumuiya ndogo ndogo mbele ya kazi zote za kichungaji mwaka 1976, Rulenge ilikuwa tayari shambani.

Siku za mwisho za Mwoleka madarakani zilikuwa ngumu. Kati ya tarehe 28 na 29 Aprili 1994, takribani wakimbizi 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa saa 24, na Benaco, Ngara, ikageuka mji wa mahema. Mwoleka alistaafu mwaka 1996, akafuatiwa na Severine Niwemugizi. Mwaka 2008 Karagwe ikamegwa na kupata jimbo lake, Kayanga, na Rulenge ikaongezewa jina la Ngara.

Wazee waliolima na askofu Nyabihanga wanazidi kupungua. Maparoko na viongozi wa vigango vya Ngara na Biharamulo, tafadhali wahojini sasa, mwandike majina ya waliobeba mawe na waliofundisha katekisimu, na daftari za ubatizo mzihifadhi pakavu.