Metali za kagome: nani anaanza, elektroni au atomi?

Tenga la kuku la sokoni Babati na metali hizi zina kitu kimoja cha kufanana: ususi.

Kagome ni neno la Kijapani, yaani macho ya kikapu. Atomi hujipanga pembetatu zinazogusana nchani, katikati tundu la pembe sita.

Wimbi ni nini?
Mfano maarufu ni CsV3Sb5, mchanganyiko wa sesiamu, vanadiamu na antimoni uliotangazwa 2019. Ukipozwa hadi nyuzi -179 hivi, elektroni hazitapakai tena sawasawa: hujazana hapa, hupungua pale, kwa mpangilio unaojirudia. Hilo ni wimbi la msongamano wa chaji. Atomi nazo husogea kidogo.

Ubishi uko wapi?
Atomi hutetemeka muda wote. Mara nyingi, wimbi likikaribia, mtetemo mmoja huzidi kulegea mpaka atomi zinaganda mahali papya. Kwenye ScV6Sn6, metali nyingine ya kagome, vipimo vya eksirei viliona ulegevu huo. Kwenye CsV3Sb5 havikuuona.

Inahusu nini?
Chini ya nyuzi -270, CsV3Sb5 hupitisha umeme bila kupoteza hata kidogo. Kujua chanzo cha wimbi kutasaidia kueleza hilo pia.