Watoto wa Paka Hawatupwi: Hukumu na Haki za Paka wa Nyumbani

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Swali hili tunaulizwa mara kwa mara na familia za Unguja na Pemba: paka amezaa uvunguni, nyumba ni ndogo, na watoto ni watano. Je, inafaa kuwatia kirobani na kwenda kuwaacha sokoni au dikoni penye samaki? Tutaanza na hukumu za paka kwa ufupi, kisha tulijibu.

Twahara yake

Abu Qatada (R.A.) alitengewa maji ya udhu na mke wa mwanawe, Kabsha. Akaja paka, naye akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa. Alipomuona Kabsha anashangaa, akamweleza kuwa Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba paka si najisi, bali ni katika wanaotuzunguka majumbani. Wameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Basi maji aliyoyanywa paka ni twahara na udhu wake unasihi.

Mkojo na kinyesi chake ni najisi, na mahala pake paoshwe. Akionekana na damu ya panya mdomoni, papo hapo akanywa maji machache yasiyofika qullatain, maji hayo yamenajisika. Ama manyoya yaliyong'oka, katika madhehebu ya Imam Shafi machache yanasamehewa, na anayefuga husamehewa zaidi kwa sababu ya tabu ya kujiepusha nayo.

Haki yake juu ya mwenyewe

Bukhari na Muslim wamepokea khabari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa ajili ya paka. Alimfungia mpaka akafa: hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Kwa hiyo anayemfungia paka ndani ni wajibu wake kumpa chakula na maji. Akishindwa, ampe mwengine atakayemtunza, au amwachie mahala anapoweza kujitafutia riziki.

Iko pia haki ya jirani. Imamu Nawawi ameeleza katika Minhaj kwamba paka aliyekwisha julikana kuwa anakula kuku au kuvamia vyakula vya watu, mwenyewe atalipa alichoharibu, mchana au usiku. Vifaranga vya jirani, basi, si jambo la kuchekea.

Jawabu ya swali

Kuwatupa watoto wa paka ambao bado wananyonya haijuzu. Wako wanaosema: "Mimi sikumfunga, nimemwachia huru." Hoja hii haisimami. Mtoto wa paka huzaliwa macho yamefumba, na hufumbua baina ya siku 7 na 14. Hawezi kujipasha joto wala kutafuta chakula. Kumwacha dikoni ni kumuua taratibu kwa njaa, jua na mbwa, na yule mwanamke wa kwenye hadithi hakufanya zaidi ya hayo. Tena mama yake hubaki akilia nyumba nzima. Mtume (S.A.W.) aliamrisha ndege arudishiwe makinda yake yaliyochukuliwa, alipomuona anahangaika.

Lililo sawa ni kuwaacha na mama yao kiasi cha wiki 8, kisha wagaiwe kwa watu wanaowataka. Tumeona nyumba nyingi zikifurahi kupata paka kwa ajili ya panya.

Ama kuzuia uzazi, wanavyuoni wa Shafi wamekataza kumhasi mnyama asiyeliwa. Wahanafi wameruhusu pakiwa na manufaa au kuondosha madhara, na wengi wa wanavyuoni wa zama zetu wamejuzisha kwa paka. Tunaona hapana ubaya kuifuata kauli hiyo, kwa sharti afanye daktari wa mifugo kwa nusu kaputi. Paka jike huweza kushika mimba akiwa na miezi 4 tu, na mimba huchukua kiasi cha miezi miwili. Anayengoja mpaka wajae uvunguni amechelewa.

Afya ya paka na ya watoto wetu

Mpelekeni akachanjwe kichaa cha mbwa, kwani maradhi haya hushika paka pia. Mtoto aking'atwa au akiparurwa, osheni jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nendeni hospitali siku hiyo hiyo. Dalili zikishatokea, karibu hakuna anayepona.

Mama mjamzito asiusafishe mchanga anaonyea paka. Afanye mwengine, na kila siku. Vijidudu vinavyodhuru mimba huanza kuambukiza baada ya siku moja au zaidi tangu kinyesi kutoka.

Msimpe paka panadoli hata kipande. Dawa hiyo humuua. Akiumwa, aonwe na daktari wa mifugo.

Enyi wazazi, mtoto anayemuona baba yake anafunga kiroba hujifunza, na anayemuona anaweka bakuli la maji hujifunza pia. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa katika kila kiumbe chenye uhai mna ujira. Tusiukose ujira huu, nao uko uvunguni mwa vitanda vyetu.

Wallahu a'lam.